Makuta ya likelemba na tiara ya mita tisa

Kalemie. Ndugu wasikilizaji, na ninyi ndugu mnaotusoma hapa kwa sababu redio haishiki huko mlikokimbilia, ni wiki mbili sasa nikipita sokoni ama kambini ninasimamishwa kwa swali moja tu. Siyo bei ya unga, siyo barabara ya Nyunzu. Watu wananiuliza: "Mwandishi, ni kweli yaya yako alibeba makuta ya likelemba akanunua tiara?"

Ni kweli. Wengine wanaongeza kwamba ni dola elfu mbili, na hiyo si kweli. Ni dola 450. Za yaya ndani yake ni 180, zile za zamu yake ya likelemba. Mtoto mwenyewe aliweka 170, mimi nikaweka 100. Ninayaandika haya wazi kwa sababu watu wa kambi wamebeba familia hii kwa mambo mengi, na mtu aliyekugawia kikombe cha unga ana haki ya kuuliza makuta yako yamekwenda wapi. Tena, jambo lenyewe lilikuwa gumu kuliko watu wanavyodhani. Kununua ama kutonunua, hilo tulilimaliza siku moja. Siku zingine zote tulibishana tununue ipi, yenye nguvu nyingi ama yenye kutii, na hapo ndipo maisha ya mtoto yalipokuwa.

Yaya alifika hapa na watoto wanne kutoka upande wa Nyunzu. Mkubwa wao hakukaa sana chini ya turubai. Alivuka ziwa hadi Kigoma, akapanda treni mpaka Dar es Salaam, kisha boti mpaka Unguja, kisiwa kikubwa cha Zanzibar. Habari ya makaratasi yake ni ndefu, siyo ya leo. Sasa ana miaka 23 na anafanya kazi Paje, kijiji cha wavuvi na cha wamama wanaolima mwani, upande wa mashariki wa kisiwa. Upepo huko una majira yake kama mvua kwetu. Kaskazi inavuma kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa tatu hivi, kusi inashika katikati ya mwaka. Wageni kutoka Ulaya wanakuja kwa sababu ya upepo huo.

Mchezo wao ni huu. Mtu anasimama juu ya ubao ndani ya maji, na kiunoni amefunga mkanda mgumu. Kutoka kwenye mkanda zinatoka kamba za mita 20 na zaidi, na mwisho wa kamba kuna tiara. Siyo tiara ya mfuko wa plastiki na vijiti ambayo watoto wetu wanarusha kiangazi. Hii ni kitambaa cha mita za mraba 7, 9, 12, hata zaidi, na ukingo wake wa mbele ni bomba la hewa linalojazwa kwa pampu. Ndugu wawili wa Brittany, Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, ndio walioandikisha hati ya uvumbuzi wa tiara ya hewa mwaka 1984. Walitafuta tiara inayoweza kuanguka majini na kuruka tena bila mtu kuibeba. Pale Paje kila mtu anaiita kaiti, hata bibi wa mwani.

Mpwa wangu alianza kwa kupampu. Kisha akafundishwa kuishika tiara ya mgeni wakati wa kuirusha, kuipokea inapotua, na kutembea ndani ya maji nyuma ya mwanafunzi. Jioni, wageni wakishakwenda kula, wenye shule walimwachia moja aruke nayo. Hivyo ndivyo alivyojifunza. Lakini anataka kuwa mwalimu, na kuna chama cha kimataifa, IKO, kinachotoa vyeti vya ualimu huo. Anayeomba cheti lazima kwanza awe anaendesha vizuri yeye mwenyewe. Kwa chombo cha kuazima nusu saa jioni, upepo ukiwa unakufa, ni safari ndefu.

Mwezi wa kumi na moja akanitumia ujumbe wa sauti. Kulikuwa na tiara mbili za okazioni. Moja ya mita 12, mbavu tano, bei dola 400, ya mtu aliyekuwa anapenda kuruka juu sana. Nyingine ya mita 9, mbavu tatu, dola 450, iliyotengenezwa kwa ajili ya mawimbi. Yeye alitaka ile ya 12. "Mjomba," alisema, "ile ina nguvu, itanivuta hata upepo ukiwa mdogo. Na mimi nataka kwenda kwenye mawimbi ya mwambani, huko ndiko walimu wakubwa wanakwenda. Pale usipokuwa na nguvu wimbi linakukalia."

Nilikuwa nimeuona mwamba huo mwaka jana, nilipopata siku mbili za kuvuka Unguja baada ya mafunzo ya waandishi Dar es Salaam. Mbele ya kijiji kuna maji ya kina kidogo, yametulia, rangi ya mtoto wa jani. Maji yakipwa unatembea mbali sana, ukipita vijiti vya mashamba ya mwani. Nje kabisa kuna mstari mweupe, na hapo ndipo bahari yenyewe inapogonga matumbawe. Ukisimama ufukweni unasikia tu mngurumo. Mtoto wa yaya wangu alitaka kupeleka mwili wake wa kilo 64 kwenye mstari huo, amefungwa kwenye kitambaa kikubwa.

Niseme ukweli, hoja yake haikuwa ya kitoto. Niliongea kwa simu na watu wawili wa Paje, mwalimu mmoja na fundi anayeshona tiara zilizopasuka, na wote wawili walikubali kwamba mahali wimbi linapovunjika kukosa nguvu ni hatari. Ukibaki pale ubao unazama polepole na tiara inayumba juu bila kukuvuta, wimbi la kwanza linakuangusha, la pili linakukuta bado unatafuta ubao. Unahitaji kitu cha kukutoa haraka. Basi yule anayetafuta nguvu kwa ajili ya mawimbi hatafuti ujinga.

Shida ni nguvu inapotoka wapi. Hapa fundi alinipa darasa, na ninalirudisha kama nilivyolielewa.

Tiara inapata nguvu kwa njia mbili. Ya kwanza ni ukubwa wa kitambaa. Ya pili ni mwendo wake angani. Tiara iliyosimama juu ya kichwa chako imepumzika, inavuta kidogo. Ukiishusha ipite kwa kasi mbele yako, katikati ya upepo, inavuta mara nyingi zaidi, kwa sababu inajiongezea upepo kwa mbio zake yenyewe. Ukiirudisha juu, inapumzika tena. Tiara ndogo yenye kugeuka haraka inakupa nguvu ya namna hii ya pili: unaichota unapoihitaji, unaiacha unapomaliza. Tiara kubwa inakupa ya kwanza, na ile huwezi kuiweka mfukoni. Ipo tu. Fimbo unayoishika mikononi inapunguza, ndiyo, ukiisukuma mbali nawe kitambaa kinalala na upepo unapita. Lakini kuna mwisho wa kupunguza, na ukubwa ukizidi mwisho huo unafika mapema.

Na upepo hauongezi nguvu kwa hesabu ya kawaida. Ukiongezeka mara mbili, mvuto unaongezeka mara nne. Upepo ukitoka kilometa 20 kwa saa ukafika 30, jambo la dakika chache wingu likikaribia, tiara ileile inavuta zaidi ya mara mbili. Mtu aliyechagua kubwa ili imfae kwenye upepo mdogo yuko nje mwambani wakati huo, siyo ufukweni.

Kisha wimbi lenyewe. Hapa ndipo nilipogeuka kabisa, nami nilikuwa karibu kumwambia yaya tumnunulie mtoto anachotaka. Kwenye maji tulivu tiara inafanya kazi yote. Kwenye wimbi, likishakubeba, wimbi ndilo linalokusukuma. Unakimbia kuelekea upande tiara iliko, na kamba zinalegea. Katika ulegevu huo tiara nzuri ya mawimbi inarudi nyuma na upepo taratibu, inaelea, inakungoja. Tiara nzito, ama ile ndefu nyembamba iliyotengenezwa kwa kuruka juu, ikikosa mvuto wa kamba inakimbia mbele ya upepo na kuanguka. Ikianguka mbele ya wimbi, wimbi linaikunja kama nguo ya kufua. Mbavu zinapasuka, kamba zinamzunguka mtu. Fundi alisema wengi wa wateja wake wanatoka hapo hapo. Ndiyo maana tiara za mawimbi zina mbavu chache, nyingi zina tatu: uzito unapungua, inageuka haraka, inaelea vizuri kamba zikilegea.

Nikaona niulize na mtu wa kwetu, kwa sababu sisi pia tuna maji yenye hasira. Tanganyika kiangazi, upepo wa kusini ukishika, haina tofauti kubwa na bahari kwa mtu aliye ndani ya mtumbwi. Nilikwenda kwa mzee mmoja wa moteri, anayevuka na magunia ya ndakala tangu mimi niko shule ya msingi. Nilimweleza tiara, akacheka kwanza, sana. Kisha akaniambia jambo ambalo walimu wa Paje wangelisaini. Wimbi likikufuata kwa nyuma na wewe umekaza gazi, mtumbwi unateleza juu yake, pua inaingia kwenye maji ya mbele, na mtumbwi unageuka ubavu. Hapo moteri ya farasi 40 inakuzamisha upesi kuliko ya farasi 15. Moteri kubwa ni nzuri, alisema, kwa mtu ambaye mkono wake unajua kuipunguza, lakini vijana wananunua farasi kwanza na mkono baadaye. Akaniuliza kama tiara ina mahali pa kuzima.

Nilifurahi sana kwa swali hilo, kwa sababu mimi sikuwa nimelifikiria. Ina. Juu ya mkanda kuna kifungo cha dharura. Ukikisukuma, fimbo yote inaachia, tiara inabaki imeshikwa na kamba moja tu, inapoteza upepo na kulala majini. Kuna na kifungo cha pili, cha kuiacha iende zake kabisa. Mpwa wangu anavijua, ndiyo kitu cha kwanza anachowaonyesha wageni. Lakini chombo cha okazioni kinaweza kuwa na kifungo kilichoganda kwa chumvi na mchanga. Nilimwambia aende akakijaribu mara kumi mbele ya muuzaji, kamba zikiwa zimevutwa. Cha ile ya mita 12 kilikuwa kizito, alilazimika kutumia mikono miwili. Muuzaji alisema ni mchanga tu. Labda.

Tukafanya hesabu ya upepo. Mtu wa kilo 64 juu ya tiara ya 9 anaanza kuendesha vizuri upepo ukikaribia kilometa 30 kwa saa. Akiwa na ubao wa mawimbi, ule mnene unaoelea vizuri, anaweza kuanza chini kidogo ya hapo. Tiara ya 12 ingempa siku nyingi zaidi, hasa wakati wa kaskazi ambayo mara nyingi ni laini kuliko kusi. Hilo ndilo alilolilia mtoto, na ni haki yake. Kila siku anayokaa mchangani ni siku ambayo hajifunzi. Lakini siku yenye upepo mdogo wa kutaka mita 12 hakuna haraka ya kwenda mwambani, na za ukubwa huo ni nyingi kwenye shule. Jioni ataendelea kuomba kama zamani. Ya 9 ya mawimbi hakuna atakayemwazima, kwa sababu kila aliye nayo anaiogopea.

Baraza la familia lilifanyika siku ya posho, yaya ameketi juu ya ndoo, simu katikati, sauti ya juu, majirani nao wakisikiliza kwa sababu kambini hakuna siri. Yaya hakuongea muda mrefu. Kisha akauliza swali moja: "Ile kubwa, ikikukatalia, unafanya nini?" Mtoto akaeleza kifungo. Mama akauliza tena: "Na ile ndogo, ikikukatalia?" Mtoto akaeleza kwamba ile ndogo anaweza kuishinda hata kwa mikono. Yaya akanyamaza. Jirani mmoja, mama wa watu kutoka upande wa Manono, akasema, basi mbona munauliza bado.

Mtoto alinuna siku mbili. Ninamwelewa. Mtu aliyekimbia akiwa mdogo, akabeba mdogo wake mgongoni usiku, anapenda kitu chenye nguvu. Akiona kitu kikubwa ni chake, kifua kinafunguka. Sikumpa mahubiri. Nilimtumia tu sauti ya mzee wa moteri, ile ya farasi na mkono, naye akanirudishia kicheko.

Kabla ya kulipa alifanya majaribio ambayo ninayaandika kwa faida ya yeyote mwenye ndugu kwenye pwani za namna hiyo, maana vijana wetu ni wengi huko kuliko tunavyofikiri. Aliijaza hewa asubuhi, akaiacha kivulini hadi mchana, ili aone kama inalegea. Mirija ya ndani ikivuja ama gundi ya vali ikiwa imeachia kwa joto, hapo inaonekana. Alishika kitambaa na kukisugua sikioni: kipya kinalia kama karatasi, kilichochoka kwa jua kimekuwa laini kama kitenge cha zamani, na hicho kinapasuka mbele ya wimbi la kwanza. Alipitisha kidole kwenye mshono wote wa ukingo wa mbele. Alifunga kamba zote nne kwenye mti mmoja na kuzivuta kwa pamoja. Moja ilikuwa ndefu kuliko nyingine kwa urefu wa kidole, ikarekebishwa palepale. Kulikuwa na kiraka kimoja karibu na ncha ya kushoto, kimeshonwa vizuri. Fundi alikitazama, akasema ni kazi yake mwenyewe.

Makuta tuliyatuma kwa simu mara tatu, kwa sababu ya kikomo, na ada ilikula dola ambazo sitaki kuzihesabu tena.

Kwa wale wanaosema kambi ina njaa na sisi tunanunua michezo: ninakubali kambi ina njaa, ninaiandika kila wiki, na nitaendelea. Mtoto huyu anatuma dola 20 ama 30 kwa mama yake mwezi wenye wageni, na mwezi usio na wageni hatumi kitu. Mwalimu mwenye cheti analipwa kwa saa za kufundisha, na ni zaidi ya anayepampu. Hakuna aliyetuhakikishia kwamba atafika. Yaya alikuwa na chaguo la kununua mabati manne na magunia mawili ya mihogo, na baada ya miezi mitatu mihogo ingekwisha. Alipima mwenyewe. Mimi nilikuwa mwenye kupiga simu tu.

Aliniuliza pia, bila utani, kama kitambaa kile kikizeeka kinaweza kufunika nyumba. Nikamuulizia fundi. Hapana, hakizuii mvua ya kweli, lakini watu wanashona mifuko nacho na inadumu. Yaya ana cherehani ya kukodi siku ya kwanza na ya tatu ya juma. Akasema ipelekwe kwanza ikafanye kazi, mifuko itaongelewa.

Habari ya mwisho niliyo nayo ni ya juzi. Kaskazi imeanza kwa uvivu mwaka huu pale Paje, upepo kama kilometa 20 tu kwa saa, na ile mita 9 haimnyanyui. Amekaa mchangani siku tatu na tiara yake pembeni, wenzake wenye 12 wakipita mbele yake kwenye maji tulivu. Nilidhani mama yake atahuzunika. Alicheka, akaniomba nimwambie akamate nafasi hiyo afue nguo.